Usiseme "Panadol tu": ini la mtoto linahesabu kila kijiko

Leo tuzungumze juu ya neno dogo ninalolisikia kila siku katika chumba changu cha kuonea wagonjwa hapa Kibaha. Neno lenyewe ni "tu". Nikimuuliza mama kama mtoto amepewa dawa yoyote kabla ya kuletwa, ananijibu, "Panadol tu, daktari." Nikimuuliza mzee anatumia nini kwa ajili ya mgongo, ananijibu, "Mitishamba tu." Kijana wa bodaboda naye atasema, "Nilichukua za maumivu tu pale dukani."

Neno hilo liliwahi kuniponza mimi mwenyewe, na nusura mtoto wa watu apoteze maisha. Naanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kilichonifundisha kusoma karatasi ya vipimo vya ini kwa namna ambayo ningependa na wewe uielewe.

Mtoto kutoka Kisarawe

Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu kwenye hospitali moja ya mkoa wetu wa Pwani. Aliletwa mtoto wa kike wa miaka miwili, mwenye uzito wa kilo 10, kutoka kijiji kimoja cha ndani huko Kisarawe. Mama yake alikuwa ameanza safari kwa pikipiki alfajiri, akamalizia kwa basi dogo. Mtoto alikuwa na homa siku ya nne, anatapika, amelegea, hataki kula. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Sukari yake ilikuwa imeshuka, tukamwekea dripu yenye sukari.

Nikamuuliza mama, "Nyumbani amepewa dawa gani?"

"Panadol tu, daktari."

Nikaandika kwenye faili neno moja: parasetamoli. Nikaendelea na mgonjwa mwingine.

Majibu ya damu yalipotoka, kipimo kiitwacho ALT, ambacho kwa maabara nyingi hakitakiwi kuvuka kama 40, kilikuwa kimepita 5,000. Nikasema moyoni, hii ni homa ya ini, bila shaka ni kirusi. Nikaagiza vipimo vya virusi, nikasubiri majibu. Nilisubiri karibu siku nzima.

Jioni alikuja bibi wa mtoto na chupa ya uji. "Shikamoo bibi," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Huyu mtoto homa haitaki kushuka, na dawa tumempa sana."

Sana! Nilivuta benchi tukakaa. Tukaanza kuhesabu pamoja, kijiko kwa kijiko.

Mama alikuwa akimpa mtoto dawa ya maji mara tatu kwa siku. Dukani walimwambia "kijiko kimoja", naye akatumia kijiko kikubwa cha kulia wali. Mama akienda shambani, bibi alimpa mjukuu kijiko kingine asubuhi na kingine mchana kila alipomgusa akaona anachemka, lakini kwa chupa ya pili ambayo mjomba aliitoa Dar es Salaam. Usiku mama mdogo alikuwa akiponda nusu ya kidonge cha mafua na kukichanganya kwenye uji. Haya yaliendelea siku tatu. Kila mmoja alikuwa akimpenda mtoto, na hakuna aliyejua hesabu ya mwenzake.

Sasa tazama hesabu hiyo. Mtoto wa kilo 10 anatakiwa kupata miligramu 100 hadi 150 za parasetamoli kwa mara moja, akikaa angalau saa 4 hadi 6 kabla ya dozi nyingine, na zisizidi dozi nne kwa saa 24. Kwa hiyo kwa siku nzima asipite miligramu 600. Chupa ya mama ilikuwa na miligramu 120 katika kila mililita 5. Kijiko cha wali kinaweza kubeba mililita 15, ambazo ni miligramu 360. Mara tatu, 1,080. Chupa ya bibi ilikuwa ya wakubwa kidogo, miligramu 250 katika kila mililita 5. Vijiko viwili vikubwa vya dawa hiyo ni miligramu 1,500. Nusu ya kidonge cha mafua iliongeza 250, kwani vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake hata kama jina la nje ni jingine. Jumla ni 2,830. Mtoto alikuwa akipokea zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu, siku tatu mfululizo, kwa mikono mitatu yenye huruma.

Tulimpa rufaa usiku huohuo kwenda Muhimbili kwa ajili ya dawa ya kupunguza sumu hiyo. Namshukuru Mungu alipona. Lakini siku ile moja niliyoipoteza nikisubiri vipimo vya virusi ilikuwa yangu, haikuwa ya yule mama. Yeye alinijibu swali nililouliza. Mimi ndiye niliyeridhika na neno "tu".

Dawa ikishamezwa inakwenda wapi?

Watu wengi wanadhani dawa ikimezwa inakwenda moja kwa moja pale panapouma. Sivyo. Ikitoka tumboni na kwenye utumbo, karibu dawa zote za kumeza hupitishwa kwanza kwenye ini. Ini ni kama mzani wa barabarani pale ambapo kila lori lazima lisimame. Humo kuna vimeng'enya vinavyoivunja dawa na kuibadilisha ili iweze kutoka kwa mkojo au kwa nyongo.

Kwa parasetamoli, sehemu kubwa hubadilishwa salama na kutoka. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu. Ini lina akiba ya kitu kinachoitwa glutathioni ambacho huikamata sumu hiyo kabla haijaleta madhara. Dozi ikiwa sahihi, akiba inatosha na inajazwa tena. Dozi ikizidi, akiba inakwisha na sumu inaanza kuua chembe za ini. Mtoto ambaye hajala siku mbili tatu ana akiba ndogo zaidi, ndiyo maana kosa lilelile humdhuru zaidi mtoto mgonjwa kuliko mtoto aliyeshiba.

La kutisha ni hili: siku ya kwanza anaweza asionyeshe chochote zaidi ya kichefuchefu. Umanjano wa macho na kulegea huja baadaye, ini likiwa limeshaumia. Dawa inayorudisha ile akiba, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu mtu ameze dozi kubwa, ingawa hata baadaye inasaidia. Kwa hiyo ukigundua mtoto amekunywa chupa, au mmekosea vijiko, usimtapishe na usingoje dalili. Chukua mtoto, chukua na chupa yenyewe, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sisemi parasetamoli ni dawa mbaya. Ni miongoni mwa dawa salama tulizonazo, na wakati wa dengue ndiyo tunayoitaka mtumie badala ya aspirini au diklofenaki. Usalama wake uko kwenye kipimo.

Ile karatasi ya vipimo vya ini inasema nini?

Siku hizi wagonjwa wengi huja na karatasi mkononi, wengine wamekwishalia njiani kwa kuona alama ya "H" pembeni ya namba. Hebu tuisome pamoja.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyoishi ndani ya chembe. Chembe ikiumia, vinavuja kuingia kwenye damu. Kwa hiyo namba ikipanda inatuambia kuna uharibifu, lakini haituambii umefanywa na nini. Kirusi, dawa, pombe, sumu ya kwenye chakula, vyote vinaweza kuandika namba ileile. ALT hutoka hasa kwenye ini. AST hutoka pia kwenye misuli, moyo na chembe nyekundu za damu. Mtu aliyebeba magunia ya mkaa kutwa nzima jana anaweza kuwa na AST iliyopanda leo na ini lake ni zima. Hata damu iliyochukuliwa vibaya au kutikiswa sana njiani, chembe nyekundu zikapasuka ndani ya chupa, hupandisha AST ya uongo. Ndiyo maana wakati mwingine tunakuomba damu tena. Usidhani tunakufanyia biashara.

ALP hutoka kwenye njia za nyongo, lakini pia kwenye mifupa inayokua na kwenye kondo la nyuma la mjamzito. Mzazi mwenzangu, ukiona ALP ya mwanao wa miaka 12 ni mara mbili ya kiwango cha mtu mzima kilichochapwa kwenye karatasi, uliza kwanza kama maabara imetumia kiwango cha watoto. Huenda anarefuka tu. Hapo neno "tu" naliruhusu.

GGT nayo hupanda kwa matatizo ya njia za nyongo, kwa pombe, na kwa baadhi ya dawa zikiwamo dawa kadhaa za kifafa.

Bilirubini ndiyo inayofanya macho yawe ya njano. Inatokana na chembe nyekundu zilizozeeka na kuvunjika, na ini ndilo linaloisafisha. Mtoto mwenye selimundu anaweza kuwa na macho ya njano kwa sababu chembe zake zinavunjika haraka, huku ALT yake ikiwa ya kawaida. Huyo hahitaji dawa ya ini. Mtoto mchanga akiwa wa njano ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa, hiyo ni dharura. Usimwanike juani ukangoja, mpeleke hospitali.

Vipimo vinavyoonyesha kama ini bado linafanya kazi ni vingine kabisa: albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, na kipimo cha muda wa damu kuganda, kinachoandikwa INR. Yule mtoto wa Kisarawe, nilichokitazama zaidi usiku ule kilikuwa INR kuliko ALT. Ini lililokwisha linaweza kuwa na ALT inayoshuka, kwa sababu chembe za kuvuja zimebaki chache. Namba kushuka si habari njema kila mara.

Na kinyume chake ni kweli. ALT ya kawaida haikupi cheti cha usalama. Mtu anaweza kuishi na kirusi cha homa ya ini aina ya B miaka mingi na ALT yake iko sawa. Chanjo ya homa hiyo iliingizwa kwenye chanjo za watoto wetu wachanga mwaka 2002, maana yake wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Kama hujawahi kupima, omba kipimo cha kirusi chenyewe.

Kongosho nalo lina karatasi yake

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kinatengeneza insulini ya kudhibiti sukari, na kinatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, viwili kati ya hivyo ni amilesi na lipesi. Kongosho likivimba, vimeng'enya hivyo humwagika kwenye damu. Mgonjwa hupata maumivu makali juu ya kitovu yanayochoma hadi mgongoni, anatapika, na akiinama mbele anapata nafuu kidogo. Wengi huambiwa ni vidonda vya tumbo, wakapewa dawa ya kupunguza asidi na kurudishwa nyumbani.

Tukishuku kongosho, tunatafuta namba iliyopanda angalau mara tatu ya kiwango cha juu. Lipesi ni ya kuaminika zaidi. Amilesi hutoka pia kwenye tezi za mate, hivyo mtoto mwenye matubwitubwi anaweza kuwa nayo juu bila kongosho kuguswa. Tena amilesi hushuka baada ya siku chache, wakati lipesi hukaa juu kwa wiki moja au zaidi. Ukivumilia nyumbani wiki nzima ndipo uje, amilesi inaweza kukutwa safi na ugonjwa ukatupita.

Hapa pia swali ni lilelile: umetumia nini? Mawe ya kwenye kifuko cha nyongo na pombe ndivyo visababishi vikubwa. Lakini zipo dawa pia. Valproeti, dawa ya kifafa inayotumiwa na watoto wengi, inaweza kwa nadra kuumiza kongosho au ini. Kama mwanao anaitumia na ameanza kutapika na kulia tumbo, mlete siku hiyohiyo na useme jina la dawa. Usiikatishe mwenyewe nyumbani, kwani degedege linaweza kurudi kwa nguvu.

Dozi ileile, ini tofauti

Mgonjwa mmoja wa Mlandizi aliniuliza, "Daktari, mbona mimi na mke wangu tunameza dawa zilezile za TB, yeye anadunda na mimi natapika?" Ni swali zuri. Vimeng'enya vya ini tunarithi kwa wazazi, na havina kasi moja. Tangu miaka ya 1950 inajulikana kuwa isoniazidi, moja ya dawa za TB, huvunjwa haraka na baadhi ya watu na polepole na wengine. Wale wa polepole wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ini lao kuumia.

Jambo hili limechunguzwa hata hapa kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, pamoja na wenzao wa Ethiopia na wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walilinganisha Watanzania na Waethiopia waliokuwa wakitumia efavirenzi, dawa ya kufubaza VVU. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, Watanzania walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha dawa kwenye damu kwa dozi ileile. Wengi wenu mnaikumbuka dawa ile kwa kizunguzungu na ndoto za ajabu. Baadaye nchi yetu ilihamia kwenye dolutegraviri kama dawa kuu. Nasema hivi ili ujue kwamba ukilalamika dawa inakusumbua kuliko inavyomsumbua jirani yako, huenda ni ini lako linasema kweli. Lakini daktari hawezi kujua usiposema.

Dawa moja pia huweza kubadili mwendo wa nyingine. Rifampisini ya TB huamsha vimeng'enya vya ini vifanye kazi kwa kasi. Dada mwenye vijiti vya uzazi wa mpango akianza rifampisini, ini lake litakuwa linaivunja homoni ya vijiti upesi mno, na anaweza kushika mimba vijiti vikiwa mkononi. Anatakiwa kuongezewa kinga nyingine, kama kondomu au kitanzi cha shaba ambavyo haviguswi na rifampisini. Anayetumia dolutegraviri akipata TB, dozi yake huongezwa kuwa mara mbili kwa siku kwa sababu hiyohiyo. Sasa fikiria dada aliyeweka vijiti bila mumewe kujua, anaulizwa na nesi mbele ya mumewe, "Unatumia dawa nyingine?" Atajibu nini? Atasema hapana. Hilo nitalirudia.

Kwa wanaotumia dawa za TB, shikeni tofauti hii. Mkojo wa rangi ya chungwa ni rangi ya rifampisini, hauna shida. Mkojo mweusi kama soda ya kola, macho ya njano, kutapika mfululizo, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu: hayo ni ini linaita. Usimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa, nenda kliniki ya TB siku hiyohiyo. Mara nyingi tunasimamisha dawa, tunasubiri ini litulie, tunazirudisha moja moja. TB bado inatibika. Anayeacha dawa kimyakimya na kujificha nyumbani ndiye tunayempoteza.

Mitishamba na "kusafisha ini"

Kitu kikitoka shambani nacho hupitia ini lilelile. Juisi ya balungi, tunda tunalolijua sana Pwani, huzuia baadhi ya vimeng'enya na kufanya dawa kama nifedipini ya presha ipande kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa. Mafuta ya mwarobaini waliyonyweshwa watoto wadogo huko Malaysia na India yaliripotiwa kuleta degedege, kuzimia na kuumia kwa ini, na baadhi yao walifariki. Simtukani mganga wala bibi zetu waliotulea. Nasema tu kwamba daktari anatakiwa kujua.

Ama zile chupa za "kusafisha ini", na vile vifaa vya kushika mkononi vinavyokutolea karatasi ya afya ya mwili mzima kwa dakika moja: ALT haipimwi kwa kushika chuma. Inapimwa kwenye damu. Na ini halisafishwi na chupa, lenyewe ndilo linalosafisha. Ukiongeza chupa, umeliongezea mzigo mwingine.

Na chakula je? Mwaka 2016 watu walianza kuugua mikoa ya Dodoma na Manyara, wengi wao watoto, kwa macho ya njano, tumbo kujaa na kutapika. Waliougua walihesabiwa 68, na 20 walifariki. Jibu lilipatikana kwa wachunguzi kwenda majumbani, kuuliza familia zimekula nini na kuchukua mahindi yao kwenda kuyapima. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Karatasi za vipimo peke yake zingebaki kusema ini limeumia.

Ninachokidai

Msimamo wangu, baada ya miaka yote hii, ni kwamba kipimo cha ini bila orodha ya kila kilichoingia mdomoni ni nusu ya kipimo. Na orodha hiyo haiwezi kuwa mzigo wa mgonjwa peke yake.

Kwanza, wenzangu madaktari, matabibu na wauguzi. Swali "umetumia dawa gani?" halitoshi. Tuulize nani mwingine alimpa, kwa kijiko kipi, mara ngapi, kwa chupa ipi. Tuulize mitishamba bila kukunja uso. Tuulize vijiti na dawa za VVU mlango ukiwa umefungwa na mgonjwa akiwa peke yake. Mgonjwa anayefokewa leo atasema "tu" kesho.

Pili, maduka ya dawa muhimu na famasi zetu, kuanzia Maili Moja mpaka Maneromango. Kile kibahasha kilichoandikwa "1x3" peke yake kikome. Andikeni jina la dawa na nguvu yake. Nimepokea wagonjwa wenye vibahasha vitano visivyo na jina hata kimoja, nikabaki kubahatisha kwa rangi ya vidonge. Na mama akinunua dawa ya maji ya mtoto, mpeni kipimio chake au bomba la sindano lisilo na sindano, mkamwonyesha alama ya mililita. Muulizeni pia uzito wa mtoto, na kama nyumbani kuna chupa nyingine.

Tatu, wewe mzazi na mgonjwa. Nyumbani, mtu mmoja ndiye awe mtoa dawa. Akiondoka, aandike saa na kiasi kwenye daftari au hata kwenye kalenda ya ukutani, ili bibi aone. Soma nyuma ya paketi ya mafua: ukiona parasetamoli, hesabu. Mtu mzima mwenye afya asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na mnywaji wa pombe au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza, maana kiwango chake ni cha chini zaidi. Dai nakala ya majibu yako ya maabara na uitunze.

Na siku ukija kuniona, au kumwona daktari yeyote, tia kila kitu kwenye mfuko mmoja: chupa, paketi, vibahasha, mizizi, unga wa majani, vyote. Mwaga mezani. Sitacheka wala sitafoka. Tutahesabu pamoja, kama nilivyohesabu na yule bibi wa Kisarawe kwenye benchi. Yule mjukuu wake nilimwona tena kliniki miezi michache baadaye, ananikimbia na kujificha nyuma ya khanga ya mama yake. Mama alikuwa na daftari dogo la shule mkononi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya bluu: jina la dawa, saa, mililita.

Tuonane wiki ijayo.